Mizizi ya Mikoko na Suala la Istilahi

Hudaiwa kwamba Kiswahili hakijitoshelezi katika sayansi ya mimea. Dai hilo halina mashiko pwani. Matope ya mikokoni yana chumvi na uhaba wa hewa. Mchu huchomoza vizizi wima mithili ya penseli ili kuvuta hewa, ilhali mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, inayozuia sehemu kubwa ya chumvi. Mvua za El Niño za 1997-1998 zilipofukia mizizi kwa udongo katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, mikoko mingi ilikufa. Mwanafunzi ataelezaje kisa hicho bila istilahi? Wakata boriti wa Lamu hutofautisha mchu, mkoko, mkandaa, muia na mlilana pasi na kamusi. Wanaisimu, kabla ya kubuni maneno mapya, wawaendee hao kwanza.