Nani Anatunza Picha za Nyumbani Kwako?

Mwezi huu tunaomba tuziweke kando kidogo habari za jikoni na za ada za shule, tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho nyumbani lakini hakihesabu kuwa mali. Kitu hicho ni picha. Hatusemi ile moja ya harusi iliyotundikwa sebuleni, bali picha zote za jamaa: zilizomo katika albamu, katika bahasha kuukuu, chini ya godoro, na siku hizi ndani ya simu.

Sisi tumeshika kamera tangu mwaka 1979. Hatukuwahi kuwa na studio wala kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ni jambo tulilolipenda tu, kama mwenzetu mwingine anavyopenda kufuma vitambaa, na baba watoto amelivumilia kwa subira ambayo hatujui kama tungeweza kumrudishia. Katika miaka hiyo tumetoka kwenye filamu ya picha 8 hadi kwenye simu isiyojua kuhesabu.

Kamera yetu ya kwanza ilikuwa Brownie, kisanduku cheusi cha Kodak tulichoachiwa na mjomba. Kamera za jina hilo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1900 kwa dola 1, nazo zilikusudiwa hasa watoto, kwa hiyo hazikuwa na mambo mengi ya kurekebisha. Ulisimama jua likiwa mgongoni, ukakishika kisanduku usawa wa tumbo, ukachungulia katika kidirisha cha juu, ukabonyeza. Aliyetikisika alitoka kama moshi.

Filamu yenyewe ilikuwa shida kuipata. Tulikuwa Moshi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Haukufunguliwa tena mpaka 1983. Wale mnaoikumbuka miaka hiyo mnajua sabuni ilivyotafutwa, sembuse filamu! Mkanda mmoja ulitupitisha Krismasi, Pasaka na kipaimara cha mdogo wetu. Basi tulijifunza kutazama kwanza. Je, bibi yumo? Mtoto amefumbua macho? Yule mjomba mrefu amekatwa kichwa? Wala hatukuwa na busara kuliko vijana wa leo. Ni uhaba tu uliotufundisha.

Mwaka 1985, tukiwa tumekwisha kuolewa, tulinunua Zenit ya Kirusi iliyokwisha kutumika. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, lakini kipimo chake cha mwanga kilifanya kazi bila betri, na betri hatukuwa nazo. Filamu yake ilikuwa na picha 36. Tulijiona matajiri.

Stoo ya mahindi ikageuzwa chumba cha giza. Baba watoto aliziba dirisha kwa blanketi, tukafunga taa nyekundu, kwa kuwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haidhuriwi na mwanga mwekundu. Filamu yenyewe ni tofauti, hiyo huingizwa katika kopo lake gizani kabisa, kwa kupapasa. Dawa ya kwanza hutakiwa iwe na joto la nyuzi 20 hivi. Asubuhi ya Julai pale Moshi haikuwa na taabu, lakini mwezi wa Februari ilibidi kopo likae ndani ya beseni la maji ya mtungi, maana dawa ikiwa ya moto picha hukolea kupita kiasi na utando wa filamu hulainika. Baada ya dawa zote kuna kuosha kwa maji mengi safi, na hapo ndipo wengi huona uvivu. Picha isiyooshwa vizuri hugeuka njano baada ya miaka. Lakini raha yake! Watoto walisimama kando ya beseni kimya, jambo ambalo hawakulifanya mahali pengine popote, wakingoja uso wa mtu utokee polepole kwenye karatasi tupu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, karatasi hiyo ilikuwa imekwenda, na umeme ulikatika mara nyingi.

Picha za rangi hatukuweza kuzisafisha nyumbani. Tulizipeleka studio, na miaka ya 1990 zikaenea mashine za kutoa picha kwa saa moja. Hapo palikuwa na jambo lililotuudhi muda mrefu. Maarusi wakisimama mlangoni pa kanisa, gauni lilitoka vizuri, maua yalitoka vizuri, na uso wa bwana harusi ulitoka kama kivuli. Mpiga picha alilaumiwa, wakati mwingine hata akanyimwa malipo yake. Kumbe tatizo lilianzia mbali. Kodak walizipatia maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, nayo ikaitwa kadi ya Shirley. Kwa miaka mingi ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi ya binadamu. Watafiti wameandika kwamba malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana pichani. Chokoleti ikasikilizwa, akina mama! Miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Sisi huku dawa yetu ilikuwa ni kuwatoa maarusi juani, kuwasimamisha chini ya mwembe, na kuongeza mwanga hatua moja kupita kipimo kilivyosema. Hata leo, ukitumia simu, mtoe mtu juani, kisha gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Utaona tofauti.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Mwaka 1988, Jumapili moja ya ubatizo, tulipiga picha za jamaa mbalimbali nje ya kanisa. Mmojawapo alikuwa mama jirani yetu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka minne. Tulimpa picha moja ndogo. Mwaka uliofuata mtoto yule alifariki kwa surua. Picha ile aliihifadhi sandukuni, na mchwa wakaila pamoja na cheti chake cha ndoa. Mwaka 2007 alitujia jioni, tukadhani amekuja kuomba chumvi au kutupa habari za msiba. Akauliza, “Dada, ile filamu ya siku ya ubatizo mnayo bado?”

Tulikuwa nayo. Negativu zetu zote zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, zimekatwa vipande vya picha sita sita, kila kipande katika mfuko wake wa karatasi wenye mwaka. Stoo ilikuwa imerudia mahindi zamani, lakini studio moja mjini ilikuwa na mashine ya kusomea negativu kwa kompyuta, wakatutolea picha kubwa kuliko ile ya kwanza. Mama yule alikaa nayo mezani kwetu bila kusema neno, chai ikapoa. Kisha akasema kwamba alikuwa amesahau kuwa mtoto alikuwa na kovu juu ya nyusi. Kwa miaka 18 alikuwa akijaribu kuuona uso ule kichwani mwake, na kovu lilikuwa limetoka.

Wakati huo sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuanza kuiacha filamu. Kamera isiyotumia filamu ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson aliiunda mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilitoa picha isiyo na rangi yenye vidoti 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Kampuni iliendelea kuishi kwa filamu, na Januari 2012 ikalazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Na habari ya simu inatuhusu sisi wazazi. Juni 11, 1997, huko Santa Cruz, California, Philippe Kahn alikuwa hospitalini mkewe akijifungua. Aliunganisha kamera, kompyuta na simu yake ya mkononi, akatuma picha ya binti aliyezaliwa kwa watu zaidi ya 2,000. Yaani mama yuko kwenye uchungu, baba yuko anaunganisha nyaya. Tunawaachia wasomaji mseme wenyewe.

Kamera yetu ya kwanza ya dijitali ilikuja mwaka 2005, zawadi ya binti yetu. Ilikula betri kama kuku anavyokula mtama, lakini hatukumaliza hata wiki kabla ya kuipenda. Hakuna dawa, hakuna kungoja, hakuna gharama ya kusafisha picha 36 ili upate 10 nzuri. Bibi aliyekaa kijijini aliiona sura yake hapo hapo, akacheka, akataka apigwe tena akiwa na kitenge kipya. Hatumwelewi mtu anayesema zamani kulikuwa bora kwa kila jambo. Huyo hakuwahi kusubiri miezi mitatu ili ajue kama picha za arusi zimetoka.

Lakini mwaka 2017 mama kijana wa mtaani kwetu alinyang'anywa simu stendi ya mabasi. Ndani yake zilikuwamo picha zote za mtoto wake wa kwanza, tangu siku ya kuzaliwa mpaka miaka mitatu. Hakulia kwa ajili ya simu. Tukamsaidia kutafuta. Zilizopatikana ni chache alizokuwa amemtumia shangazi yake kwa WhatsApp, nazo kwa kuwa hupunguzwa ukubwa zinapotumwa, hazikufaa kuchapwa kubwa. Tukakumbuka lile kopo la biskuti. Lilikaa miaka 19 juu ya kabati bila mtu kulijali, bila umeme, bila bando. Simu haikai hivyo. Hata zile sidii tulizojaza picha mwaka 2006 tukidhani tumemaliza kazi, nyingine hazisomeki tena, na kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kuziingiza.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Siku hizi tunafuta. Aliyefumba macho tunamfuta, aliyegeuka tunamfuta. Katika filamu hao walibaki, wakasahauliwa, kisha baada ya miaka 20 ukaikuta picha ya mama mkwe amegeuka anamcheka mtu asiyeonekana, ikawa ndiyo picha pekee inayofanana naye kweli, kwa sababu mbele ya kamera alikuwa akikaza uso kama yuko mahakamani. Tunawashauri msiwe wepesi wa kufuta.

Na hapo hapo tunataka kuuliza: wewe mwenyewe umo? Alipofariki mama mkwe huyo mwaka 2011, ilitakiwa picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Tulipekua albamu tano. Watoto walikuwamo, wageni walikuwamo, hata ng'ombe alikuwamo. Yeye alikuwa jikoni akipakua chakula cha hao waliopigwa picha. Mama anayeshika kamera hupatwa na jambo lile lile: picha zote ni zake, na hayumo hata moja. Mpe mtoto mkubwa simu, akae mbali hatua tatu, akupige ukiwa unafanya kazi zako. Usikimbilie kubadili nguo.

Nyumbani kwetu sasa tunafanya hivi. Picha za simu tunazihamisha kila mwisho wa mwezi kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, na diski hiyo inakaa kwa binti yetu Arusha, siyo kabati moja na kompyuta, maana mwizi na moto haviingii nyumba mbili kwa siku moja. Mwenye akaunti ya kuhifadhi picha kwenye mtandao aitumie pia, ila asiitegemee hiyo peke yake. Kisha kila Desemba tunakaa na watoto, tunachagua picha 36 za mwaka huo, tunazipeleka zikachapwe. Mabishano ya kuchagua ni makali, na baba watoto hushindwa kila mwaka.

Zikisharudi, msizibandike katika zile albamu zenye gundi na nailoni juu yake; gundi ile hugeuka njano na kung'ang'ania, ukizibandua zinachanika. Nunueni za mifuko, mzitunze pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Na andikeni majina. Kwenye karatasi za zamani tumia penseli laini nyuma ya picha bila kukandamiza, kwa kuwa wino huvuja mpaka usoni mwa mtu. Karatasi za sasa zina plastiki na penseli haizishiki vizuri, kwa hiyo andika kwenye kikaratasi ukiweke nyuma ya picha ndani ya mfuko ule ule: jina kamili la kila mtu kutoka kushoto, mahali, na mwaka. Usiandike “mama” wala “bibi”, bali jina lake.