Ben Hakuwa Mfu: Filamu Mbili za "Night of the Living Dead" Zikisomwa kutoka Kilifi

Miongoni mwa wahakiki wa filamu imezoeleka kauli kwamba Night of the Living Dead ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Tom Savini, ni sahihisho la ile ya mwaka 1968 iliyoongozwa na George Romero. Hoja inayotolewa aghalabu ni moja, nayo inamhusu Barbara. Katika filamu ya kwanza mwanamke huyu anapigwa na bumbuwazi tangu kaka yake auawe makaburini, na karibu muda wote wa hadithi yu kochini, hana faida kwa nafsi yake wala kwa wenziwe. Katika filamu ya pili anazinduka, anashika bunduki, anafikiri na anaokoka. Na kwa kuwa mswada wa filamu ya pili uliandikwa na Romero mwenyewe, kauli hiyo imeongezewa nguvu: mtunzi amejisahihisha, nani basi wa kumkosoa? Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Yanakubali kwamba kosa lilikuwapo na kwamba lilirekebishwa. Yanachokataa ni kwamba bei iliyolipwa ilikuwa halali. Filamu ya 1990 ilimnyanyua Barbara kwa kumpokonya Ben kifo chake, na waliopotewa na kifo hicho ni wengi kuliko Ben.

Ithibati imo katika miisho ya filamu hizi. Katika ile ya 1968 watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba huko Pennsylvania, wafu wakiizingira. Ben, anayeigizwa na Duane Jones, ndiye mtu mweusi pekee miongoni mwao. Usiku kucha anazozana na Harry Cooper: Cooper ataka wote wajifiche katika chumba cha chini ya ardhi, Ben ashikilia wabaki juu na kuziba milango kwa mbao. Ugomvi huo unaishia kwa Ben kumpiga Cooper risasi. Kufikia alfajiri wote wamekufa isipokuwa Ben, ambaye ameokoka kwa kujificha kulekule chini alikokukataa. Asubuhi anasikia mbwa na bunduki, anapanda juu, anasogea dirishani. Kundi la wanaume wenye silaha, likiongozwa na mkuu wa polisi wa eneo hilo, linaona kivuli ndani ya nyumba. Amri inatolewa, Ben anapigwa risasi ya kichwa. Kinachofuata ni picha mnato zenye chengachenga kama za gazetini: kulabu, maiti, kuni, moto. Hakuna hata mmoja katika kundi lile ajuaye kwamba wamemuua mtu mzima, na hakuna anayeuliza.

Katika filamu ya 1990 Ben na Cooper wanajeruhiana kwa risasi. Ben, anayeigizwa sasa na Tony Todd, anateremka chini, anafia huko, na anageuka kuwa mmoja wa wafu. Cooper anapanda darini na kunusurika. Barbara, ambaye mapema alikwisha kutambua kwamba wafu wale ni wazito mno hata mtu anaweza kuwapita kwa miguu, ametoka usiku na kufanya hivyo hasa. Anaporejea asubuhi pamoja na kundi la wenye bunduki, Ben anatokeza akiwa mfu wa kweli, naye anapigwa risasi. Kisha Cooper anashuka akiwa hai, na Barbara anamtwanga risasi ya kichwa. Kwa wanaume wanaoingia anatangaza kwamba huyu naye ni wa kutiwa motoni.

Tofauti hii si ya mapambo. Katika filamu ya kwanza umati unakosea, na mtazamaji peke yake ndiye ajuaye. Ujuzi huo ndio kitisho chenyewe, kwani unamfanya shahidi asiyeweza kusema. Katika filamu ya pili umati haukosei kamwe. Kila mwili unaoupiga risasi, ukiwamo wa Ben, ni wa mfu. Ni kweli kwamba Savini anawaonyesha wanaume hao wakiwatundika wafu mitini na kuwalenga shabaha kwa mchezo, na mtazamaji anatakiwa achukizwe. Lakini kinachokemewa hapo ni utovu wa heshima kwa maiti. Hukumu yenyewe, yaani nani mfu na nani hai, inaachwa bila ya kuguswa.

Hapa ndipo Kilifi inapoingia, na yafaa ieleweke inaingia kwa njia ipi. Wapo watakaosema kwamba mwambao wa Kenya una haki ya kuzisoma filamu hizi kwa sababu Waswahili wanaye ndondocha, na bara ya Tanzania inaye msukule. Hoja hiyo haina mashiko. Ndondocha wa masimulizi ana bwana: amefufuliwa kwa uchawi, amekatwa ulimi asiweze kushitaki, na anatumikishwa. Jamaa yake ni zombi wa Haiti, mtumwa asiyeachiwa hata kufa, ambaye sinema ya Marekani ilimchukua katika White Zombie ya mwaka 1932 na kumwonyesha akisaga miwa kinuni. Katika nchi ya Malindi, ambako mashamba ya nafaka ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa na ambako utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, kiumbe wa namna hiyo hahitaji mkalimani. Lakini wafu wa Romero hawana bwana, hawamfanyii mtu kazi, na filamu ya 1968 haiwaiti zombi hata mara moja. Anayelinganisha ndondocha na wafu hao kwa kuwa wote hutembea amelinganisha mavazi na kuusahau mwili.

Kinachoiunganisha filamu ya 1968 na Kilifi ni wale wanaume wenye bunduki. Kwa miaka mingi sasa, katika Ganze, Magarini, Kaloleni na viunga vya Malindi, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925 wakati wa ukoloni, ilikwisha kulifanya tendo la kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Wanaotuhumu hawakuisubiri mahakama. Kaya Godoma, huko Ganze, pamegeuka kuwa kimbilio la wazee waliookolewa mikononi mwa jamaa na majirani zao. Wapo wazee waliopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu, kwa kuwa mvi, ambazo zamani zilimpa mtu kiti cha mbele barazani, zimekuwa ushahidi dhidi yake. Yule kijana anayemwona mzee mwenye mvi na kusema "mchawi" hana tofauti na yule aliyeona kivuli dirishani na kusema "mfu". Wote wawili wamekwisha kuhukumu kabla ya kutazama, na wote wawili wanaua wakiamini kwamba wanawalinda walio hai. Msanii aliyeweza kumweka mtazamaji upande wa ndani wa dirisha, pamoja na anayehukumiwa, amefanya jambo ambalo mahubiri na mabango hayajaweza kulifanya.

Watetezi wa filamu ya pili wana jibu, na ni jibu zito linalostahili kupimwa. Watasema: tazameni kifo cha Cooper. Je, Barabara huyu anayemuua adui yake na kumsingizia ufu haonyeshi kwa uwazi zaidi jinsi jina linavyoweza kuwa kinyago cha mauaji? Na je, si hivyo hasa ilivyo Kilifi, ambako nyuma ya tuhuma za uchawi mara nyingi pamekuwa na ugomvi wa ardhi, warithi wakitaka kuuza shamba na mzee akikataa? Umati wa 1968 ulikosea kwa ujinga. Barbara wa 1990 anadanganya kwa makusudi, na Kilifi ina waongo wengi kuliko wajinga.

Kwamba filamu ya 1990 inaijua siri hiyo, halina shaka. Swali ni inaitumia vipi. Cooper amechorwa tangu mwanzo awe mtu wa kuchukiza: mwoga, mbinafsi, mwenye kelele na matusi. Hakupewa hata chembe ya haki ambayo Cooper wa kwanza alipewa, kwani yule wa 1968 alikuwa na tabia mbaya lakini rai yake kuhusu chumba cha chini ndiyo iliyomwokoa Ben. Barbara naye amejengwa awe jicho la mtazamaji, mtu pekee mwenye akili timamu nyumbani mle. Hivyo risasi yake inapotoka, mtazamaji hashtuki, anashusha pumzi. Uongo unaofuata unasikika kama mzaha mchungu wa shujaa aliyechoka. Filamu imeifichua hila ya muuaji, kisha ikamwomba mtazamaji aisamehe. Imemwambia kwamba wapo watu ambao kuwaita wafu ni dhambi ndogo, kwa sababu walistahili. Hiyo ndiyo kauli ambayo kila muuaji wa mzee hujiambia nafsini mwake. Kazi ya sanaa inayokijua kinyago na bado ikamvisha shujaa wake ina lawama kubwa kuliko isiyokijua.

Jibu la pili la watetezi ni la nia. Inafahamika kwamba Duane Jones alipewa nafasi ya Ben kwa umahiri wake wa kuigiza, na kwamba mswada haukumtaja mhusika huyo kuwa mweusi. Basi, wanasema, kifo chake hakikukusudiwa kuwa shutuma, na wanaokisoma hivyo wanaongeza chumvi. Lakini filamu ilitoka Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa, katika nchi ambayo ilikuwa na historia ndefu ya makundi ya wazungu wenye bunduki, mbwa na moto. Picha zile za mwisho zilikwisha kuwa na maana kabla ya Romero kuzipiga. Mhakiki anayefungia maana ya matini ndani ya kichwa cha mtunzi anasahau kwamba mtunzi huazima lugha iliyokwisha kusemwa na wengine.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana kipimo kingine, kilicho karibu zaidi. Katika Juliasi Kaizari, ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, baada ya hotuba ya Antoni umati unamkamata Sinna mshairi. Anaeleza kwamba yeye si Sinna aliyekula njama. Haimfai kitu, jina linatosha. Kwa muda mrefu waongozaji wa jukwaani huko Uingereza na Marekani waliliondoa onyesho hilo kama nyongeza isiyo na kazi, hadi Orson Welles alipolirejesha mwaka 1937 na kulifanya kitovu cha igizo zima, Ulaya ikiwa inaelekea vitani. Bila ya onyesho hilo tamthilia inabaki kuwa ya wakubwa wanaouana kwa sababu zao. Likiwapo, mtazamaji anajua gharama ya maneno ya wakubwa hulipwa na nani. Ben ndiye Sinna wa filamu ya 1968. Filamu ya 1990 imelifuta onyesho la Sinna, kisha ikasifiwa kwa usahihi.

Haikulazimu iwe hivyo, na hilo ndilo linaloifanya lawama isimame. Hakuna kanuni ya fani inayosema kwamba mwanamke hawezi kuzinduka mpaka mtu mweusi afe kifo kisichouliza swali. Barbara angeweza kutoka usiku, akarejea na kundi asubuhi, akamwona Ben dirishani akiwa hai, na akapiga kelele ikiwa imechelewa. Filamu hiyo ingemrekebisha mwanamke na kuiacha shutuma palepale. Ingempa hata ushahidi wa kutoa mbele ya wauaji. Waliotengeneza filamu ya 1990 walikuwa na njia hiyo mbele yao na hawakuifuata.

Suala hili si la wapenzi wa sinema za kutisha peke yao. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, na katika madarasa ya mwambao huo wameketi wanafunzi wanaotoka katika vijiji ambako mzee anahesabu mvi zake kwa hofu. Filamu ya 1968, iliyopoteza hakimiliki kwa kuwa msambazaji alipoibadilisha jina alisahau kuweka tangazo lake, ni mali ya kila mtu na haimgharimu mwalimu chochote. Ifundishwe, pamoja na kasoro yake ya Barbara, na kasoro hiyo itajwe waziwazi. Ya 1990 nayo ionyeshwe baada yake, ili wanafunzi waulizwe swali moja: katika filamu ipi kati ya hizi mbili umati unapaswa kujibu kwa ulilolitenda? Wakishalijibu, watakuwa wamejifunza kwamba usahihisho mmoja waweza kufuta ushahidi wa kosa kubwa zaidi. Ben hakuwa mfu. Filamu iliyomfanya awe mfu, ili waliompiga risasi wasiwe na hatia, haikumsahihisha mtu.