Chumvi Haipandi na Mvuke

Makala kuhusu matangi ya matumbawe imesifia taa na pampu mpaka basi, ila imempita Lee Chin Eng wa Jakarta. Mwaka 1961 bwana huyo alieleza katika jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, jinsi alivyofuga matumbawe hai kwa maji ya bahari, mawe ya mwambani na mapovu ya hewa. Kazi kubwa ilifanywa na mawe yenyewe: bakteria waliomo hugeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huachwa wiki kadhaa kwanza bila samaki, bakteria hao waongezeke. Wenye haraka huzika samaki.

Lakini kinachowaponza wengi ni maji kupungua. Maji huruka kuwa mvuke, chumvi hubaki. Anayejazia maji ya bahari, akidhani anarudisha kilichopotea, anazidisha chumvi kila siku, na matumbawe yaliyozoea takriban gramu 35 kwa kilo ya maji huanza kunywea. Kinachojaziwa ni maji yasiyo na chumvi, tena yaliyochujwa, maana ya bomba huweza kuja na klorini, hata fosfeti inayostawisha mwani.

Kalsiamu nayo hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa matumbawe magumu huitumia kujenga mifupa yao. Miligramu 420 hivi kwa lita zinatosha.

Na umeme ukikatika (makala imenyamaza hapa), kipampu cha hewa cha betri kina faida kuliko taa yoyote ya bei mbaya.