Ya Kale ni Dhahabu, Lakini Tuyasimulie Yote



Kila mwezi wa Agosti, barabara ya Woodward inayotoka mjini Detroit, huko Marekani, hufurika magari ya zamani. Tangu mwaka 1995 wazee hukutana hapo na Chevrolet, Cadillac na Ford za ujana wao, zimesuguliwa hadi zinang'ara, na watu hupanga viti kandokando ya njia kuyatazama yakipita taratibu.

Hatuwashangai. Cadillac ya 1959 ilikuwa na mapezi ya nyuma yaliyosimama kama ya papa, na taa nyekundu zilizochongoka mithili ya risasi. Ford Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho ya New York, bei yake ilianzia dola 2,368, kiasi ambacho kijana mwenye kazi aliweza kukitamani bila kuchekwa. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Tena, boneti ilipofunguliwa, kila kitu kilionekana na kushikika, baba akamfundisha mwanawe kusafisha plagi na kurekebisha kabureta uani mwao. Mzee anayelipangusa gari lake leo humkumbuka aliyeketi ubavuni mwake siku zile.

Hata hivyo, kumbukumbu hupepeta mambo kama mchele katika ungo. Nguzo ya usukani ya magari yale ilikuwa chuma kigumu, na gari lilipogonga iliweza kumchoma dereva kifuani. Serikali haikulazimisha mikanda ya usalama katika magari mapya hadi 1968. Katika mwaka 1966 pekee, watu zaidi ya 50,000 walifariki barabarani nchini humo. Naye Mmarekani mweusi, hata akiwa na gari lilelile, hakuwa na safari ileile. Victor Green wa New York alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali ambapo wangepata chakula na malazi bila kufukuzwa. Kitabu hicho kiliendelea kutoka hadi miaka ya 1960.

Majumbani mwetu pia zama za kale husifiwa sana, na vijana huchoka kuambiwa kwamba kila jema lilikwisha kabla hawajazaliwa. Mzee akisimulia utamu peke yake, kijana hujiona amechelewa kuja duniani. Akisimulia na machungu, na namna yalivyoondolewa, kijana hujua kwamba naye ana kazi ya kufanya. Mikanda ile haikujifunga yenyewe. Walikuwako watu walioidai mpaka ikawa sheria.

Basi wiki hii tuketi na wazee wetu baada ya chakula cha usiku, tuwaulize ni chombo gani walichokipenda ujanani. Wakishamaliza kukisifu, tuwaulize na swali la pili: ni nani aliyekitamani asiweze kukipanda, na kwa nini?