Mvivu ni nani hapo?

Najua nimepotea wiki mbili, kazi za darasani zimenibana kweli kweli. Ila leo acha niandike tu, maana kuna maneno nayasikia hapa Toronto, kwenye basi, kantini, mpaka maabara, na sasa yamenifika hapa kooni. Eti Blue Jays walikosa ubingwa wa 2025 kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja. Jamani!

Kwa ninyi wa nyumbani mnaojua soka tu: kwenye besiboli, ukishapiga mpira unakimbia. Besi ziko nne, kutoka moja hadi nyingine ni mita 27 na kidogo. Ukizunguka zote mpaka besi ya nyumbani, umepata pointi. Sasa mkimbiaji akiwa anasubiri mwenzake apige, hasimami juu ya besi kama kigingi, anajisogeza mbele hatua kadhaa. Utamu na balaa vyote viko hapo. Usiposogea, unachelewa. Ukisogea sana na mpira ukadakwa hewani, inabidi urudi kuigusa besi kabla mpira haujafika. Ukichelewa umetoka, na aliyepiga naye katoka. Wawili kwa mpigo.

Basi bwana. Novemba 1, 2025, mechi ya 7 ya World Series, Toronto na Dodgers, raundi ya 9, 4-4. Mji huu ulikuwa haujaonja ubingwa wa World Series tangu 1993. Besi zote zimejaa, ametoka mtu mmoja tu, na besi ya tatu yupo Isiah Kiner-Falefa, aliyeingizwa kumkimbilia Bo Bichette. Pointi moja tu na kombe ni letu. Varsho anapiga mpira wa chini, Miguel Rojas anaudaka huku anayumba, anautupa nyumbani. Kiner-Falefa kachelewa kwa unyayo tu. Wakarudia video, uamuzi ukabaki vile vile. Raundi ya 11 Will Smith akauvusha mpira ukuta, 5-4, kwisha habari.

Ukiangalia picha unaona alikuwa karibu mno na besi ya tatu. Ndipo kelele zikaanza: hana njaa, hajitumi, mvivu.

Sasa sikilizeni. Yeye mwenyewe alieleza baada ya mechi kwamba waliambiwa wakae karibu na besi. Na ukitaka kujua kwa nini, rudi usiku mmoja nyuma. Oktoba 31, mechi ya 6, raundi ya 9 hiyo hiyo, Addison Barger alikuwa besi ya pili. Giménez akapiga, Barger akadhani mpira utaanguka, akachomoka. Kiké Hernández akaja mbio akaudaka, akautupa besi ya pili, wawili kwa mpigo, mechi imeisha 3-1. Barger alijituma mno! Tatizo halikuwa miguu, alisoma vibaya, na alikiri hivyo hivyo mbele ya waandishi. Namheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo Ijumaa mtu katoka kwa kuwahi mno, Jumamosi benchi likaogopa likasema kaeni karibu. Huo ni uamuzi. Unaweza kuutetea, maana mpira wa kasi ukielekea besi ya tatu, aliyesogea ameumia. Unaweza pia kuupinga. Mimi naupinga: pale pointi moja ilikuwa inamaliza kila kitu. Lakini ubishaniwe kama uamuzi, na aliyeutoa ajibu yeye. Miguu ya mtu aliyetii amri isigeuzwe tabia yake. Kama mnataka kumlaumu Kiner-Falefa kwa lililo lake, sawa, aliteleza kwa miguu wakati angeweza kupita juu ya besi wima, maana pale hakuhitaji kuguswa. Hilo lijadiliwe. Lakini uvivu? Kha!

Sisemi uvivu haupo. Agosti 2019 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta alipiga mpira akabaki anautazama akidhani umeshavuka ukuta. Ukagonga ukuta ukarudi, naye akaishia besi ya kwanza. Kocha wake, Brian Snitker, akamtoa mechi hiyo hiyo. Safi kabisa! Hakuna aliyemwambia Acuña asimame kutazama.

Kinachonikera ni kwamba watu wanahukumu kwa matokeo halafu wanayaita maadili. 2014, Kansas City, mechi ya mwisho, wako nyuma 3-2, Alex Gordon anafika besi ya tatu na kocha wa pale, Mike Jirschele, anamsimamisha. Salvador Perez akapiga juu ukadakwa, kwisha. Watu wakalia: angeenda! 2015, timu ile ile dhidi ya Mets, Eric Hosmer yuko besi ya tatu, Perez (huyo huyo!) anapiga chini, Hosmer anakata shauri kukimbilia nyumbani. Lucas Duda akautupa mpira pembeni, wakasawazisha, wakabeba kombe. Shujaa. Lakini mtupo ule ungenyooka, Hosmer alikuwa katoka mapema, na leo angekuwa anaitwa mpumbavu.

Sasa nije kwetu. Timu ya bweni letu tunacheza softiboli, ndugu yake besiboli. Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja alikuwa anazunguka besi ya tatu, nahodha kasimama pale pale, kainua mikono yote miwili: simama! Akasimama. Aliyefuata akatoka, tukafungwa kwa pointi moja. Usiku kwenye grupu nahodha anaandika tunahitaji watu wenye moyo wa kukimbia. Mechi iliyofuata jamaa kawekwa benchi. Nilipouliza nikaambiwa naleta siasa. Hii ndiyo faida ya neno bidii kwa wakubwa, yaani ukilitamka hakuna anayekuuliza wewe uliamua nini.

Na msinitajie Pete Rose, maana nahodha ana picha yake chumbani. Ndiyo, aliitwa Charlie Hustle, alikuwa anakimbia hata pale alipopewa besi ya bure. Huyo huyo alifungiwa 1989 kwa kamari, akakana mpaka 2004. Miguu ilikuwa mepesi, mdomo ulichukua miaka 15.

Nahodha, najua huwa unasoma hapa kwa kutafsiriwa na kompyuta. Ile mikono miwili ilikuwa ya nani?