Maumivu ya mgongo: Kabla ya sindano, apimwe kwanza

Kubeba viroba vya mawe, kuponda, kisha kuinama kutwa nzima kuosha dhahabu: hiyo ndiyo kazi ya wachimbaji wadogo wengi kuanzia Geita hadi Kahama. Mgongo ukiuma, wapo wanaomeza diklofenaki kila siku, na wapo wanaoulizia sindano za Kichina, yaani akupancha.

Sindano hizi hazina dawa. Ni nyembamba sana, huchomwa kwenye ngozi na misuli, kisha huachwa kwa muda. Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia huzitumia kupunguza maumivu ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi.

Je, zinasaidia? Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri zisitumike kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi. Kwa hiyo zisichukue nafasi ya mazoezi.

Hakikisha sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yako. Iliyotumika huweza kuambukiza VVU na homa ya ini.

Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda? Pima kifua kikuu. Vumbi la mawe huwaweka wachimbaji hatarini zaidi, na ugonjwa huo hushambulia hata uti wa mgongo.

Baba akirudi ameshika kiuno, apimwe kwanza.