Choo juu, chemchemi chini: Hatari ya maji katika miji ya milimani

Wakazi wengi wa miji ya milimani kama vile Kisii, Kabarnet na Wundanyi huamini kwamba maji ya chemchemi ni safi kwa kuwa yametoka mlimani. Imani hiyo ni ya hatari. Chemchemi ilikuwa safi wakati juu yake palikuwa na msitu. Leo mahali pengi juu yake pana nyumba za kupangisha zenye vyoo vya shimo. Kinachomwagwa juu huteremka, na mwishowe huingia katika mtungi wa jirani aliye chini.

Sisi madaktari huyaona matokeo msimu wa mvua: kuhara, homa ya matumbo na, mara nyingine, kipindupindu. Mgonjwa hupewa dawa, akarudi nyumbani, akanywa maji yale yale. Baada ya majuma machache yuko tena kwenye foleni.

Yaliyoupata mji wa Shimla, kaskazini mwa India, ni funzo kwetu. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake mengi husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, zaidi ya watu 1,000 waliugua homa ya ini, macho yakageuka manjano. Ilibainika kwamba majitaka kutoka kwa mtambo wa kuyasafisha yalikuwa yakiingia katika kijito cha Ashwani Khad, ambako maji ya kunywa yalichotwa. Homa hiyo, ya aina ya E, huweza kumuua mama mjamzito. Kisha mwezi wa Mei 2018 mabomba ya mji huo huo yalikauka, na baadhi ya mitaa ikakaa siku kadhaa bila tone.

Uchafu na uhaba wa maji ni ndugu. Bomba likiwa tupu, hunyonya uchafu ulioko ardhini kupitia nyufa zake. Kwa hivyo mgao wa maji si usumbufu tu. Ni mlango wa maradhi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na huduma hiyo imo mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa maoni yangu, kaunti isiidhinishe jengo lolote juu ya chemchemi kabla ya kuonyeshwa majitaka yatakwenda wapi. Mikaratusi iliyo kando ya chemchemi ikatwe, na miti ya kiasili ipandwe. Mabomba yanayovuja yazibwe kabla ya pesa kutumiwa kuchimba visima vipya. Nao wenye nyumba wateke maji ya mvua kutoka kwa mapaa yao.

Wewe msomaji usingoje kaunti. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Kisha umuulize mwakilishi wa wadi yako swali moja: vyoo vya mtaa wa juu vinamwaga wapi?